Kinyonga aachwe mtini, biashara ni funza

KUNA ombi linalowafikia wengi wetu tuliorudi nyumbani kutoka Ulaya na Marekani, na sasa naona limeanza kuwafikia hata ndugu zetu wanaovusha mizigo Rusumo na Mutukula. Ombi lenyewe ni la kinyonga. Mtu aliye ng'ambo, ambaye pengine uliwahi kufanya naye kazi, anapiga simu na kusema: "Huko kwenu wapo wale wenye pembe tatu. Nitafutie wawili watatu, nitakulipa vizuri." Anayepigiwa simu anacheka kwanza, kisha anaanza kupiga hesabu.

Makala yangu ya leo ni kwa huyo anayepiga hesabu. Rai yangu ni hii: kinyonga wa msituni aachwe alipo. Anayemfuga kinyonga kihalali huko ng'ambo ajifunze kumlisha sawasawa, na chakula kimojawapo bora ni funza tunayemmwagia majivu chooni. Na mfanyabiashara wa mpakani anayetafuta faida amtazame funza huyo, asimtazame kinyonga.

Najua baadhi ya wasomaji wataona ni mzaha. Huku kwetu kinyonga hana rafiki. Watoto humrushia mawe, na watu wazima husema kukutana naye njiani ni mkosi. Mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga. Makabila mengi ya Kibantu yana ile hadithi ya kinyonga aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akajivuta njiani mpaka mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Tangu hapo tumemchukia. Lakini ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu na hana dawa ya kumloga mtu. Kazi yake ni kula wadudu.

Ng'ambo mambo ni tofauti kabisa. Mimi nilifanya kazi miaka kadhaa nchini Ubelgiji katika duka la wanyama wadogo wa kufugwa nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vizimba na kuwalisha waliomo. Huko nilimkuta kinyonga akiwekewa taa yake, majani yake na mashine ya kumnyunyizia maji, maana kinyonga hanywi kwenye bakuli kama kuku. Anaramba matone yaliyo juu ya majani. Wengi waliokuwa wakiuzwa walikuwa wa aina mbili: yule mwenye upanga kichwani, ambaye asili yake ni Yemen na Saudi Arabia, na yule wa rangi nyingi wa Madagascar. Aina hizo mbili huzalishwa kwa wingi humo humo vizimbani. Hilo tulishike, kwa sababu nitalirudia.

Sasa tuje kwenye chakula. Katika kazi ile niliwaona vinyonga wakiletwa na wenyewe wakiwa hoi. Mmoja taya limelegea, mwingine miguu imepinda, mwingine hawezi kulishika tawi. Ni ugonjwa wa mifupa, ndugu yake matege ya watoto wetu. Mwenye mnyama hushangaa, husema: "Mbona nampa nyenje kila siku?" Naam, na hapo ndipo penye tatizo.

Nyenje ni chakula kizuri cha protini, ila ana upungufu mkubwa wa kalsiamu, yaani yale madini ya kujenga mifupa. Wataalamu waliopima wadudu wa kulishia wanyama waliona kwamba kilo moja ya nyenje wakubwa haina hata nusu gramu ya kalsiamu, huku fosforasi ikiwa karibu gramu 3. Mwili ukipata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Mifupa inalainika. Ndiyo maana wafugaji wanaojua kazi yao huwapaka nyenje unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa, na huwasha taa yenye mionzi inayofanana na ya jua ili mnyama atengeneze vitamini D.

Funza ninayemzungumzia ni habari nyingine. Vipimo vya aina hiyo hiyo vilionyesha kwamba kilo moja ya funza hawa wabichi ina kalsiamu gramu 9 hivi, na fosforasi gramu 3 na nusu hivi. Yaani kalsiamu inaizidi fosforasi, tena kwa mbali. Kiasi hubadilika kulingana na alichokula funza mwenyewe, lakini ni vigumu kumpata mdudu mwingine wa kulishia anayemkaribia. Ndiyo sababu madukani ng'ambo funza huyu ana majina ya kibiashara ya kupendeza, na huuzwa kwa euro kadhaa akiwa ndani ya kikopo kinachoenea kiganjani. Nilipomweleza mama yangu jambo hilo baada ya kurudi, aliniuliza kama wazungu hawana vyoo.

Ni nani basi funza huyu? Ni mtoto wa nzi ambaye wengine humwita nzi askari mweusi na wengine nzi chuma. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo yumo karibu kila nchi yenye joto, na huku kwetu yupo. Ukiona penye mboji au taka nzi mweusi, mrefu, mwembamba, anayefanana kidogo na nyigu na asiyekimbia haraka, huenda ndiye. Hana mwiba wala haumi. Si kama yule nzi wa nyumbani anayetoka chooni na kutua kwenye ugali, kwa sababu huyu akishakuwa mkubwa hafuati chakula chetu. Hutegemea zaidi akiba ya mafuta aliyoiweka mwilini alipokuwa funza, anakunywa maji, anapandana, anataga, anakufa. Maisha yake ya utu uzima ni wiki moja au mbili hivi.

Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 500. Kwa siku nne hivi yanaanguliwa, na kwa muda wa wiki mbili au tatu funza hula mabaki ya chakula, maganda na samadi kwa ulafi wa ajabu. Akishiba anageuka rangi kutoka nyeupe kuwa nyeusi, anaacha kula, anatambaa mwenyewe kutafuta pakavu pa kugeukia. Mfugaji mjanja humwekea mteremko unaoishia kwenye ndoo. Funza anajivuna mwenyewe.

Kwa yule mwenye kinyonga, au mwenye ndugu anayemfuga huko ng'ambo, nitaeleza jinsi ya kulisha, kwa sababu chakula kizuri kikitolewa vibaya kinakuwa hasara.

Kwanza, funza apewe angali mweupe au wa rangi ya maziwa. Akishakuwa mweusi ngozi yake inakuwa ngumu sana. Hata yule mweupe ana ngozi ya kutosha kumshinda mnyama asiyetafuna vizuri, na kinyonga mara nyingi hutafuna mara mbili tatu tu akameza. Nimewahi kukuta funza mzima kabisa kwenye kinyesi cha kinyonga. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa vyura wakubwa wa visiwa vya Karibi waliolishwa funza hawa. Vyura waliopewa funza wazima hawakuyafaidi madini kama wale waliopewa funza waliopondwa. Dawa yake ni rahisi: mtoboe funza kwa sindano sehemu moja au mbili kabla tu ya kumtoa. Ataendelea kujinyonganyonga na kinyonga atamwona.

Pili, awekwe kwenye kibakuli chenye kuta laini, kilichofungwa kwenye tawi. Ukimwachia chini atajichimbia udongoni na hutamwona tena mpaka atoke akiwa nzi. Ukubwa wa funza usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya kinyonga. Na wasiwe chakula pekee. Funza hawa wana mafuta mengi, na kinyonga aliyenenepa naye ana magonjwa yake. Wachanganye na nyenje, panzi na nzi wa aina nyingine. Wachache mara mbili tatu kwa wiki wanamtosha kinyonga mzima. Mwenye aina zinazotoka milimani ajue pia kwamba hazivumilii kuzidishiwa unga wa vitamini, kwa hiyo kalsiamu inayotoka ndani ya mdudu mwenyewe ni nafuu kubwa kwake.

Tatu, kuna nzi wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapotupa mali. Funza aliyegeuka mweusi na kukakamaa mtu humwona ameharibika, akamwaga. Asimwage. Amweke kwenye kikopo chenye matundu na maranda kidogo, mahali penye joto la kati ya nyuzi 27 na 30. Baada ya wiki mbili hivi nzi wataanza kutoka. Kikopo kikifunguliwa ndani ya kizimba, utamwona kinyonga ambaye jana alisusa bakuli akizungusha macho yote mawili, akisogea taratibu, akaurusha ulimi. Kinyonga ameumbwa kuwinda wadudu wanaoruka. Nzi anamfanyisha kazi, na mnyama anayefanya kazi hana uvivu wa kula. Faida nyingine ni kwamba nzi huyu hatamuuma kinyonga usiku amelala, kama nyenje waliobaki kizimbani wanavyoweza kufanya.

Ila ijulikane kwamba nzi hana kalsiamu kama funza. Sehemu kubwa ya madini yale ilikuwa kwenye ngozi, na ngozi ile imebaki kuwa ganda tupu mle kikoponi. Kwa hiyo nzi wapakwe unga wa kalsiamu kwa kuwatikisa kidogo ndani ya mfuko. Kanuni yangu ilikuwa hii: funza kwa ajili ya mifupa, nzi kwa ajili ya hamu na mazoezi.

Nne, na hili ni kubwa: mtu asichote funza chooni au jalalani akampa mnyama anayemthamini. Hajui funza yule alikula nini, wala nani alipulizia dawa pale jana. Funza wa kulishia afugwe kwa maganda ya matunda, pumba na mabaki safi. Akiwekwa pahali pa baridi kidogo, nyuzi 10 hadi 15, hutulia wiki kadhaa bila kula na bila kugeuka.

Hapo nasikia mfanyabiashara akiniuliza: "Ndugu mwandishi, kama chakula ni rahisi hivyo na mnunuzi yupo, ubaya wa kumpelekea wale wa pembe tatu uko wapi? Si wapo wengi tu Nyungwe?"

Ubaya upo, tena wa namna tatu.

Wa kwanza ni wa mnyama mwenyewe. Yule kinyonga mkubwa wa pembe tatu wa milima yetu, anayepatikana Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo, amezoea ubaridi na unyevu wa mlimani. Akikamatwa, akafungwa gizani siku kadhaa bila maji, na minyoo aliyo nayo tumboni ikapata nguvu, anafika akiwa maiti inayopumua. Hakuna funza wala nzi atakayemrudisha. Nimewapokea wa namna hiyo kizimbani, hata ulimi hawautoi. Wale wa Yemen na Madagascar niliowataja mwanzo wanaishi kwa sababu wamezaliwa kizimbani na hawakuyapitia mateso hayo. Rafiki yako wa ng'ambo mwambie ukweli huo: akanunue aliyezaliwa huko huko.

Wa pili ni wa sheria. Kinyonga wa pembe tatu, pamoja na jamaa zake wengi, yumo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao nchi zetu zote za ukanda huu zimeuridhia. Haruhusiwi kuvuka mpaka kibiashara bila kibali. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na mwaka 2022 lilipotoka tangazo la kuufungua kwa muda, lilisitishwa ndani ya siku chache. Mwezi Januari 2021 wakuu wa forodha wa Austria walitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Vienna alikamatwa abiria aliyetokea Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74 wa milima ya Usambara, aliowaficha ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Watatu kati yao hawakupona. Thamani yao ilitajwa kuwa euro 37,000 hivi. Msomaji, hebu jiulize: wale waliowaokota vinyonga hao mitini kule Usambara, waliambulia kiasi gani katika fedha hizo?

Na hapa nazungumza na akina mama na vijana wanaobeba mizigo mpakani. Mwenye mali hasafiri na mali hiyo. Anayekutwa na mfuko ni wewe. Faini ni yako na lango la jela ni lako. Mtaji wako wa nyanya na vitenge uliojengwa kwa miaka mitano unakwisha kwa mfuko mmoja uliopewa na mtu usiyejua hata jina lake kamili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara ya kinyonga haina daftari, haina risiti, haina pa kushitaki ukidhulumiwa.

Wa tatu ni wa mazingira. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kwa mwenye duka la wanyama. Waliponyoka, wakazaana, na leo wamo katika misitu ya visiwa vile wakila konokono na wadudu wa asili wasiopatikana popote pengine. Kwa hiyo kule walikopelekwa wamekuwa tatizo, na huku wanakochukuliwa mlima unapungukiwa. Hakuna aliyefaidi.

Basi fedha iko wapi? Naamini iko kwa funza, na si lazima ale kinyonga. Soko la wenye vinyonga limetufundisha jambo moja tu: kwamba funza huyu ana thamani ambayo sisi hatukuiona. Huku kwetu mteja wake ni kuku na samaki. Mfugaji yeyote wa kuku atakuambia kwamba kinachomuua ni bei ya chakula, hasa dagaa na soya. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970, kimefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba funza huyu aliyekaushwa anaweza kuchukua sehemu ya dagaa. Kenya na Uganda zipo kampuni zinazomfuga kwa mabaki ya chakula ya mijini. Jumuiya ya Ulaya iliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa mwaka 2017, na katika chakula cha kuku na nguruwe mwaka 2021.

Sitaki kumdanganya mtu. Wengi tunakumbuka homa ya mayai ya kware iliyoikumba Kenya mwaka 2013 na 2014, watu wakauza ng'ombe wanunue kware, kisha bei ikaanguka. Funza asigeuzwe kware. Soko la Ulaya halimfungulii mtu mlango kwa sababu tu ana ndoo ya funza. Mzigo wa kutoka nje hauingii bila nchi na kiwanda kuidhinishwa. Hata kuvusha funza hai hapa Rusumo kunahitaji makaratasi ya mifugo na kilimo, na ni haki. Kwa hiyo anza kidogo: beseni mbili, maganda ya ndizi ya sokoni, kuku ishirini wa nyumbani. Pima mwenyewe umeokoa kiasi gani cha chakula kwa mwezi. Ukiona faida, kaeni watano au sita mfanye ushirika, muulize ofisa mifugo wa wilaya juu ya kibali na viwango kabla ya kuuza. Funza mkavu hufungwa kwenye gunia na kupimwa kwenye mizani, na mwenye makaratasi yake hana haja ya kumkwepa ofisa wa forodha.

Biashara ya wadudu si ngeni kwetu. Senene wa Bukoba na Masaka wanauzwa mchana kweupe na watu wamesomesha watoto kwa senene. Kumbikumbi wanapimwa kwa kopo sokoni. Hatuna sababu ya kumwonea haya funza.

Kwa sisi tuliorudi, tuna jukumu la ziada. Tumeishi huko, tunajua kinyonga analishwaje na tunajua wangapi wanakufa kwa kukosa kalsiamu mikononi mwa watu wanaowapenda. Rafiki akipiga simu kuomba kinyonga, tusimpe kinyonga, tumpe maarifa. Tumwambie atoboe funza kwa sindano, asimwage wale weusi, awapake nzi unga, awashe taa. Na mtoto wetu akimwona kinyonga kwenye mti wa kahawa, tumwambie aweke jiwe chini. Yule pale anawala wadudu wa shamba bila mshahara, na hahitaji pasipoti.